Haller Park, Bamburi: tulikwenda kujifunza kuipa bustani jina

Nilikwenda Haller Park, ile bustani ya wanyama iliyopandwa kwenye machimbo ya zamani ya kiwanda cha simiti cha Bamburi, Mombasa, mwezi wa Mei na watu wanne, na hatukwenda kwa ajili ya twiga. Twiga tuliwaona, tena mama katibu alilambwa kiganja akacheka kama msichana, lakini safari yenyewe ilikuwa ya kazi. Wenzangu ni kamati ya kijiji kimoja upande wa Kilifi. Kijijini kwao kuna timbo la mawe lililochimbwa miaka na miaka. Mawe mazuri yalipokwisha, wachimbaji wakafunga virago, likabaki shimo jeupe lenye maji ya mvua na chupa za plastiki. Sasa wanalipanda miti. Wanataka liwe bustani ya umma, mtoto wa shule aingie bure na mgeni atoe kidogo cha kumlipa mlinzi. Walinipigia simu wakaniambia, "Fundi, tumebakisha jina na bango tu."

Hilo "tu" ndilo lililonifanya niwaambie tusishike brashi kwanza. Twendeni Bamburi.

Mimi ni fundi wa mabango, miaka 27 sasa. Nilianza kwa kumshikia marehemu baba kopo la rangi pale Majengo, nikaja kupewa herufi za kujaza, kisha herufi za kuchora mwenyewe. Nimeandika majina ya maduka, mikahawa, zahanati, madrasa na matatu zisizo na idadi. Kwa hiyo maoni haya si ya mtalii. Mahali nimepapima ninavyopima kazi ya fundi mwenzangu: jina linasema nini, alama inasema nini, na mtu akitoka pale anabeba neno gani mdomoni la kumsimulia aliyebaki nyumbani.

Tulishuka kwenye barabara ya Malindi asubuhi, mvua ya masika imetoka kupita, mahamri yetu bado ya moto kwenye mfuko wa mama katibu. Mwenyekiti wao ni mwalimu mstaafu, wote wanamwita Mwalimu, na kabla hata hatujafika langoni alikwisha kuuliza swali lililotukalisha siku nzima: "Haller ni nani?"

Kijana wao wa kompyuta hakujua. Mama mwingine, mwenye kitalu cha miche, hakujua. Mimi nilijua kwa sababu niliwahi kuletwa pale nikiwa darasa la nne, wakati jina lilikuwa jingine.

Mahali pale pamekuwa na majina matatu, na kila jina lina wenyewe. La kwanza ni Mtambo. Kiwanda cha simiti kiliwekwa Bamburi miaka ya 1950, na mtaa wa jirani hadi leo unaitwa Bamburi Mtambo. Hakuna kamati iliyokaa kuuita hivyo. Watu walisikia mashine, wakaona vumbi, wakasema "naenda mtamboni", na jina likakaa. La pili lilikuja mwaka 1984, sehemu ya machimbo yaliyopandwa miti ilipofunguliwa kwa watu wote ikaitwa Bamburi Nature Trail. Hilo ndilo nililolikuta mimi. Nakumbuka vizuri kwamba darasani tulisikia "treli", tukadhani ni treni, na siku nzima kabla ya safari tulikuwa tunagombania nani atakaa dirishani. Tulipofika hapakuwa na treni, palikuwa na njia ya miguu chini ya miti. Tulifurahi hata hivyo, lakini jina halikutwambia kitu. Lilizungumza na mtu mwingine aliyesimama nyuma yetu. La tatu ndilo la sasa, Haller Park, kwa heshima ya René Haller, Mswisi aliyeanza mwaka 1971 kulifufua shimo lile.

Nikamweleza Mwalimu hivi tukiwa tumekaa kwenye benchi. Simiti ya Bamburi inatokana na mawe ya matumbawe. Walichimba mpaka karibu wafikie maji, na maji yenyewe yana chumvi. Udongo wote ulikwisha kuondolewa. Kilichobaki ni sakafu ya mwamba mweupe inayomulika jua kama bati. Haller akajaribu kupanda aina 26 za miti pale. Baada ya miezi michache zilizosimama ni tatu tu, na iliyofanya vizuri kuliko zote ni mvinje. Huu mvinje tunaouona ufuoni kila siku tukiufungia kamba ya mashua. Unavumilia chumvi, na kwenye mizizi yake wanaishi vijidudu wanaonasa naitrojeni hewani na kuulisha mti, ndiyo maana hauogopi mwamba mtupu.

Lakini mvinje nao ulikuwa na tatizo, na hapa ndipo mimi huwa napandwa na hamu ya kusimulia. Majani yake membamba kama sindano yalikuwa yakianguka na kulala pale pale. Hayaozi. Yana ugumu na ukali wake, wadudu wa kawaida hawayataki, na bila kuoza hakuna mboji, bila mboji hakuna mti wa pili. Msitu ungebaki miti iliyosimama juu ya zulia kavu. Aliyekuja kuutatua mkwamo huo ni jongoo. Jongoo mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu, huyu anayekunja mwili kama sarafu ukimgusa. Haller alimwona jongoo huyu akila majani makavu ya mvinje, akaagiza majongoo waletwe kwenye machimbo. Wakala, wakatoa mavi, na mavi hayo ndiyo yaliyokuwa udongo wa kwanza wa mahali pale.

Mama wa kitalu alinikatiza. "Fundi, nyanyua mguu."

Alikuwepo mmoja karibu na kiatu changu. Tukainama wote watano. Mvua ilikuwa imewatoa, na tukianza kutazama tuliwaona kila mahali, juu ya majani, kando ya njia, kwenye mizizi. Mama akamwokota kwa kijiti kidogo kama tulivyofundishwa utotoni, akamwangalia anavyotembeza ile miguu kwa mawimbi. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Yeye hakutupa kimoja. Alimrudisha taratibu pale alipomtoa na kijiti akakilaza pembeni yake.

Tangu hapo sikuweza kuangalia kitu kingine kwa jicho lile lile. Tulipita kwenye mabwawa, tukaona viboko wakipumua, tukaona mamba wamelala kama magogo, na ni vizuri, mlete mtoto wako ataona mengi. Lakini kiboko unaweza kumwona kwingine. Mahali ambapo udongo wenyewe umetengenezwa na jongoo, mbele ya macho ya watu walio hai hadi leo, mimi sijui kwingine. Kwa kazi yangu, hiyo ndiyo alama. Mahali pana alama yake tayari kabla ya fundi kuja, naye fundi hana kazi ya kubuni, ana kazi ya kuitafuta na kutoikosea. Na nimesikia kwamba wazungu wanaofuga majongoo wa aina hii wanamwita treni ya Mombasa. Nilipolisikia hilo nililikumbuka darasa langu la nne. Treni ilikuwepo siku ile, ilikuwa chini ya viatu vyetu.

Sasa turudi kwenye jina, maana Mwalimu hakuniachia.

Yeye analipenda jina la Haller. Hoja yake ni kwamba jina la mtu humfundisha mtoto kuwa vitu hufanywa na watu. "Ukiiita Bustani ya Mvinje," alisema, "mtoto atadhani mvinje ulijiotea. Ukiiita kwa jina la mtu, atauliza. Mimi nimefundisha miaka thelathini na minne, mtoto anayeuliza ni nusu ya kazi." Nikamjibu kwamba kuuliza kunahitaji wa kujibu. Langoni utapata wa kujibu, na yule aliyetuzungusha alitujibu kwa ufasaha na subira. Kwenye matatu hakuna. Watu wangapi wanapita barabara ya Malindi kila siku wakisoma lile jina, wasijue kama ni la mtu, la hoteli, au la kampuni? Jina la mahali pa umma linapaswa lifanye kazi hata kwa yule asiyeingia.

Mwalimu akanipa Saanane, na hapo alinibana. Kisiwa cha Saanane pale Mwanza, katika Ziwa Victoria, kinabeba jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi hapo kabla hapajafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote Tanzania, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake. Watu wanaosikia jina mara ya kwanza hudhani ni saa nane ya mchana, wanauliza kwa nini saa nane, na hapo hapo wanaambiwa habari ya mzee mmoja aliyelima kisiwani. Jina la mtu, na linafanya kazi. Nikakubali. Lakini nikamwonyesha tofauti: Saanane ni jina ambalo kinywa cha Mswahili kinalijua hata kabla ya kulijua. Linaingia bila kubisha hodi. Haller linabisha, linangoja nje kidogo. Na ukweli mwingine ni kwamba jina la mtu hutegemea enzi. Pori la Selous lilibeba jina la mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani huko huko mwaka 1917, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikatengwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mabango ya sehemu hiyo yakabadilika, ramani, tiketi, fulana. Kwa nchi ni sawa, ina uwezo. Kwa kamati ya kijiji yenye kopo mbili za rangi, kubadilisha jina ni kuanza upya.

Kama natoa alama, basi jina la Haller Park nalipa sita kwa kumi: ni la haki, mtu alistahili, ni fupi, linatamkika, lakini haligusi shimo wala mti wala jongoo. Hadithi yenyewe naipa kumi yote.

Kuna jina moja pale ndani ambalo nalo nalipa kumi, nalo ni Mzee. Kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra, wale wa visiwa vya Shelisheli, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi wakati ule dunia ilipomjua. Tsunami ya Desemba 2004 ilipofika pwani yetu, mtoto wa kiboko alipotezana na kundi lake akakwama baharini karibu na Malindi. Wavuvi na wenyeji wakahangaika kumwokoa, wakampa jina la Owen kwa ajili ya mmoja wa waliomkamata, akaletwa hapa Haller Park. Akamkimbilia kobe. Kobe hakumtaka mwanzoni, akazoea, wakawa wanalala pamoja, wanakula pamoja, wanaingia majini pamoja. Baadaye, mwaka 2007, Owen alihamishiwa kwa kiboko jike aitwaye Cleo, kama inavyopasa. Lakini kwa wakati ule watu wa nchi za mbali walijifunza kutamka "Mzee". Hawakuambiwa Grandpa wala kitu kingine. Neno letu la kumwamkia baba wa mwenzako lilisafiri lilivyo, na likaeleweka, kwa sababu lilikuwa limemkaa yule kobe sawasawa, mwendo wake, ngozi yake, subira yake.

Hili niliwaambia kamati mara mbili, maana kijana wa kompyuta alikuwa na orodha ya majina kwenye simu yake na karibu yote yalikuwa ya Kiingereza. Sanctuary ya hiki, Paradise ya kile, Green Ecology. Si kosa lake. Anaona hoteli zote zinafanya hivyo, na anadhani mgeni hatakuja akiona neno asilolijua. Nikamwuliza: mgeni anakuja pwani kutafuta neno analolijua? Kule Gazi, Kwale, kina mama na vijana wanalinda mikoko na kuuza hewa ya ukaa, mradi wenye hekta 117, na mwaka 2017 walishinda tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mradi unaitwa Mikoko Pamoja. Maneno mawili. La kwanza linasema kitu gani, la pili linasema kwa namna gani. Mfadhili wa Ulaya anayatamka bila shida, na mtoto wa Gazi anayaelewa bila kuelezwa. Sijaona jina la mradi wa mazingira pwani nzima lililofungwa vizuri kuliko hilo.

Na hata kabla ya miradi, wazee wetu walikuwa mafundi wa majina. Karibu na Mtwapa pana Shimo la Tewa. Tewa ni samaki, wa jamii ya chewa, anayependa kujificha kwenye mashimo ya miamba, na wavuvi walipaita pale walipompata. Siku hizi watu wakisikia jina hilo wanafikiria gereza na shule. Lakini jina lenyewe ni la mvuvi, limemshinda kila aliyejenga juu yake. Mwembe Tayari mjini pana mwembe ndani ya jina ingawa wewe unaona magari tu. Majina ya namna hiyo hayakuhitaji nembo. Yalikuwa na picha ndani.

Niliwahi kupata somo la uchungu katika jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na watu fulani, sitawataja, waliokuwa wanafungua njia ya kutembea msituni. Niliwachorea vibao vizuri kwa jina ambalo wenyeji wa pale wanalitumia. Wakaniambia limekaa kienyeji, wakaleta jina kutoka kwa wataalamu wa mji mkuu, maneno matatu ya Kiingereza, pamoja na nembo ya jani na tone la maji. Jani lile na tone lile nimeyaona kwenye chupa za maji, kwenye sabuni, kwenye benki. Waliandika mabango upya. Mwaka mmoja baadaye nilipita kwa bodaboda, nikamtajia kijana jina lililoko kwenye bango, hakulijua. Nikamtajia la wenyeji, akaniambia panda. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu fedha zile zingetosha kuweka benchi kumi za kukalia wazee.

Kijana wa kompyuta alinyamaza kwa muda, halafu akatuonyesha kitu kizuri kwenye simu. Kule New York kuna bustani juu ya reli ya zamani ya mizigo, inaitwa High Line. Treni ya mwisho ilipita mwaka 1980, reli ikaota magugu, wakazi wakapigania isibomolewe, na mwaka 2009 ikafunguliwa kama bustani. Nembo yao, iliyochorwa na Paula Scher, ni herufi H yenye vipau viwili katikati badala ya kimoja, inakuwa kama kipande cha reli. Basi. Hakuna jani wala tone. Nikampiga bega yule kijana. Umeona? Hawakuona haya kwamba palikuwa pa mizigo. Wamekiweka kile kilichokuwepo kabla ndani ya herufi. Nyinyi mna timbo. Kwa nini mnataka kulificha?

Tukakaa kula mahamri. Wale wanaosema bustani haipaswi kuitwa kwa jina la shimo hawajasimama pale Haller Park kwenye kivuli cha mvinje wakijua wamesimama chini ya usawa wa ardhi ya zamani. Tazama kuta za mwamba pembezoni, utaelewa ulipo. Kila kivuli pale kina thamani mara mbili kwa sababu unajua palikuwa jangwa jeupe. Ukiondoa shimo kwenye hadithi, inabaki bustani ya wanyama kama nyingine.

Kwa wenzangu wanaofikiria kupeleka kamati zao kule: nendeni, tena nendeni asubuhi, na mwombeni anayewaongoza awaeleze habari ya upandaji kabla ya wanyama, maana wengi hupelekwa kwa twiga moja kwa moja na muda unakwisha. Nendeni baada ya mvua mkitaka kuwaona majongoo. Na msiende na jina tayari mfukoni.

Yaliyotokea baadaye ni ya ufundi, nayaandika kwa sababu naulizwa mara kwa mara. Jina tulilijaribu kwa mdomo kabla ya karatasi. Nilimwomba kila mmoja amsimamishe dereva wa tukutuku amwambie ampeleke mahali fulani, tukasikiliza ni jina lipi dereva anarudia bila kujikwaa. Majina marefu yalianguka yote siku ile. Kisha nikaandika matatu yaliyobaki kwenye ubao kwa chaki, herufi za sentimita 10, tukayasoma kutoka mita 30, ambako kwa mazoea yangu ndiko herufi ya ukubwa huo inaanza kuchosha jicho. Jina lenye herufi nyembamba nyingi, i na l zikifuatana, linaungana likawa ua wa miti. Jina lenye o na m linasimama. Kuhusu rangi nilisisitiza herufi za manjano iliyofifia juu ya kijani kizito, au nyeupe juu ya kahawia. Nyekundu niliwaonya mapema: jua letu linaila kwanza. Nenda katazame bango lolote la soda lililokaa ukutani miaka mitano, utaona nyekundu imekuwa waridi na nyeusi iko vile vile. Misumari ya kawaida pia isahauliwe, chumvi itailia ndani ya ubao na kutiririsha kutu juu ya herufi zako. Skrubu za shaba ni ghali lakini unazinunua mara moja.

Nikawaambia pia waende wakasajili jina na alama katika taasisi ya hakimiliki za viwandani, KIPI, Nairobi. Alama ya biashara ikisajiliwa inalindwa miaka 10 na inaweza kuhuishwa. Mwalimu aliona ni makuu kwa bustani ya kijiji. Mama katibu ndiye aliyemjibu kabla yangu. Alisema siku bustani ikipendeza, atatokea mwenye hoteli atakayelibandika jina lile kwenye baa yake, na sisi ndio tutakaoambiwa tuondoe bango.

Kuhusu jina lenyewe, uamuzi ni wa baraza, na baraza halijakaa. Ninachoweza kusema ni kwamba pendekezo linaloongoza lina neno timbo ndani yake, na Mwalimu, aliyetetea jina la mtu tangu langoni hadi kwenye mahamri, ndiye aliyelitamka kwanza. Alisema amewasikiliza watoto wa pale wakiagana jioni. Hawasemi tukutane bustanini. Wanasema tukutane timboni.

Alama nayo tumekubaliana bila kura. Ni jongoo, kwa sababu wamekwisha kumwona wenyewe kwenye timbo lao chini ya mivinje waliyoipanda miaka mitatu iliyopita, na mama wa kitalu amekataza watu kufagia pale. Nimemchora mara kumi na moja. Nikiweka miguu yote inakuwa ukungu ukisogea hatua ishirini. Nikiweka michache anakuwa kiwavi. Baada ya kujaribu kwenye ukuta wa nyumba yangu nimebaki na jongoo aliyejikunja nusu, miguu minane upande wa nje, mwili mweusi juu ya manjano, na kutoka upande wa pili wa barabara jirani yangu muuza madafu alipaza sauti, "Jongoo huyo!" bila mimi kumwuliza.

Tatizo ni miguu. Jongoo yule ana miguu myekundu, na nyekundu ndiyo rangi niliyowakataza. Nilijaribu kahawia, akafa. Nilijaribu nyeusi, akawa kamba ya kiatu. Nikapiga simu kumweleza mama wa kitalu kwamba miguu itabidi iwe myekundu na itapaukia kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kuipaka upya. Akasema hilo lisinisumbue, darasa la nne watafanya. Aliniomba tu nipunguze urefu wa nguzo, bango likae mahali ambapo mtoto wa darasa la nne anafikia bila ngazi. Nimekwisha kuzikata, mita moja na robo kutoka chini.